Mama mkwe kammwagia mbwa supu ya baba

Jamani, leo nimeona mzee wa watu akinyang'anywa chakula mdomoni.

Baba mkwe katoka kijijini Mamba, yupo kwetu hapa Nsemulwa kwa matibabu. Meno yameisha yote. Nyama anaangalia tu wenzake wakila, na huyu ni mtu aliyefuga ng'ombe maisha yake yote.

Nikasema leo atakula.

Nikaenda buchani, nikasagiwa nyama. Nikaikaanga na kitunguu, nyanya na karoti, nikaongeza maji, ikachemka, mwisho nikatia tambi.

Mzee kijiko cha kwanza tu akafumba macho. "Mwanangu, hii ni nyama kweli!"

Mama mkwe akaingia.

Akachungulia bakuli. "Mume wangu unamlisha uji wa watoto? Unataka watu wamcheke?"

Akalichukua mikononi mwa mzee, akammwagia mbwa.

Tukabaki tunamwangalia mbwa anavyolamba. Hata mzee.

Mume wangu? Yupo pale pale, anachezea simu. "Mama ndivyo alivyo. Mzoee."

Baba akaninong'oneza, "Imebaki kidogo?"

Nikakimbilia jikoni. Nikamkuta mama keshamwaga yote, anasugua sufuria kwa sabuni. Akatabasamu.

"Nimekusaidia vyombo."

Nyie!

Naandika hapa nikiwa buchani, mashine inasaga. Baba atakula mbele yake, na bakuli nitamshikia mimi mwenyewe.

Mngekuwa nyie mngefanyaje?