Boti Iliyofika Kabla ya Kuondoka

Nilikuwa nafundisha hesabu Kilwa Masoko nilipopakua programu moja ya bure ya kuandikia mitihani. Unaandika maelezo na milinganyo kama kwenye karatasi, ukibonyeza, inakokotoa yenyewe palepale. Nikatunga swali: boti inaondoka Kisiwani saa kumi na mbili asubuhi, inafika Masoko saa moja. Imetumia muda gani?

Nikaandika moja toa kumi na mbili, nikabonyeza. Hasi kumi na moja.

Nikafuta, nikaandika upya. Hasi kumi na moja. Nikaitukana, nikaizima, nikaiwasha. Jibu lilelile, limekaa katikati ya mtihani wangu bila haya, kwamba boti imefika kabla ya kuondoka. Nikamwita mke wangu, mzaliwa wa Kisiwani, nikamsomea swali.

“Si lisaa limoja tu?” akasema. “Kwani una homa?”

Homa sikuwa nayo. Kompyuta haikukosea kutoa, nami saa ninazijua. Ila nilibaki nimeduwaa: maisha yangu yote nimetoa kumi na mbili kwenye moja nikapata moja, na boti haijawahi kuniacha.