Jibu Nililoliandika Ufukweni

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Julai, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, nilipoandika uongo kwa mkono wangu mwenyewe. Saa ninaikumbuka kwa sababu niliiandika pia, pembeni mwa sahihi. Nilianza kusoma nikiwa na miaka arobaini na mmoja, katika darasa la jioni la watu wazima. Kabla ya hapo nilikuwa nikitia kidole gumba kwenye wino. Tangu nijue kuandika, siweki jina langu mahali popote bila tarehe na saa.

Binti yangu alikuwa amekuja kutoka Kigali kupumzika, akiwa na mimba ya miezi saba na mwanawe wa kike wa miaka tisa. Waliposhuka kutoka mjini Kamembe hadi ziwani, mtoto aliziona kayaki zimelazwa ufukweni, nyekundu na manjano, na hakutulia tena. Mama yake asingeweza kuingia katika chombo chembamba namna ile. Mume wangu alikwisha kufariki, miaka sita na miezi minne sasa. Nilibaki mimi, niliyekuwa nimerudi jana yake kutoka shambani Gitambi kupura maharage, na mgongo wangu ulikuwa ungali kule.

Karatasi aliyotupa mwalimu wa kayaki ilikuwa na maswali matano. Manne yalikuwa mepesi. La tano liliuliza kama mtu mzima atakayeketi na mtoto anajua kuogelea.

"Maman anaogelea," binti yangu alimwambia mwalimu kabla sijashika kalamu. "Sisi tulipokuwa batoto kule ng'ambo, ni yeye alikuwa anatuchunga ku maji."

Ni kweli nilikuwa nikiwachunga. Tulipoishi Bukavu, ng'ambo ya mpaka, kila Jumamosi nilifua nguo ziwani, nao wakicheza. Niliwaambia: chezeni, nikiona mtu anazama nitamfuata. Waliamini, nami sikuwasahihisha, hata walipokuwa watu wazima. Katika maisha yangu yote ziwa hili halijapita magoti yangu. Lakini mwalimu alikuwa akinitazama, binti yangu alikuwa akitabasamu, nami nilikuwa nimechoka mno kuanza maelezo ya miaka thelathini. Niliandika: Ndiyo.

Maji yalikuwa yametulia kabisa katika ghuba ile ndogo. Mwalimu, mwanamke wa Bukavu anayevuka mpaka kila asubuhi kuja kazini, alikuwa na sauti ya sokoni.

"Maman, hilo ni kafi, si mwiko! Unasonga bugali ama unaenda mbele?"

Watu walicheka. Karibu yetu baba mmoja alikuwa akijaribu kusimama juu ya ubao mpana uliokuwa ukielea, na mkewe akimzomea kutoka ufukweni: "Papa batoto, simama! Jana kwa bar ulisimama muzuri!"

"Jana sakafu haikuwa inatembea!" alijibu, akaanguka.

Mimi sikucheka. Mabega yaliniuma, na jaketi la kuokolea lilikuwa na unyevu wa jasho la mtu mwingine. Mjukuu wangu aliketi mbele yangu, shingo yake nyembamba ikitoka katika jaketi lililomzidi. Alimtazama yule baba akiibuka kutoka majini, kisha akaniuliza bila kugeuka:

"Koko, tukianguka utanikamata?"

Koko ni bibi, kwa lugha yetu ya nyumbani.

"Nitakukamata," nilisema.

Hapo mwalimu alituita sote. "Sasa somo la kuanguka! Kila muntu ataingia ndani ya maji, jile yenye amevaa itamuinua. Bakubwa banaanza, batoto banafuata."

Mtoto alishika ukingo wa kayaki. "Koko, ingia kwanza. Mimi nitakuja kwako."

Nilikwisha kuelezwa kwamba jaketi lingeniinua, na sikulitilia shaka. Nilichokitilia shaka ni mikono yangu. Niliijua. Ingeshika chochote kilicho karibu na kukivuta, na kilichokuwa karibu ni mtoto huyu.

"Sijui kuogelea," nilisema.

"Nini, Maman?"

"Sijui kuogelea. Sijawahi kujua."

Mwalimu alisogeza kayaki yake, akafunga kamba kwenye yetu.

"Uliandika ndiyo," alisema, sasa kwa sauti ndogo.

"Niliandika."

"Ningejua, ningekaa mimi na mutoto."

Alituvuta hadi ufukweni. Mjukuu wangu alisema mara moja tu, akiitazama kamba: "Ulisema utanikamata."

Binti yangu alikuwa amesikia yote. Alinisubiri mkono ukiwa tumboni.

"Maman, ile siku kule Bukavu mudogo wangu aliteleza kwenye jiwe ya kufulia. Angezama, ungefanya nini?"

"Ningeingia."

"Bila kujua?"

"Ningeingia."

"Mungekufa wawili," alisema. Kisha akapiga magoti kwa shida na kunifungulia mikanda ya jaketi, kwa maana vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Hakunitazama usoni.

Niliomba karatasi yangu. Nilipiga mstari mmoja tu juu ya jibu la tano, jinsi nilivyofundishwa darasani, ili lililoandikwa kwanza liendelee kusomeka. Kando yake niliandika: Hapana. Saa tatu na dakika kumi. Nikatia sahihi ya pili chini ya ile ya kwanza.

Mwalimu aliketi mahali pangu, wakarudi majini. Nilisimama penye kina changu cha siku zote, maji magotini.

"Koko, unaniona?"

Jibu la zamani lilikuja mdomoni lenyewe. Nililimeza.

"Ninakuona. Lakini ukianguka nitapiga kelele tu. Umsikilize aliye nyuma yako."

Alifikiri kidogo. "Basi upige kelele nguvu!"

Mwalimu alitangulia kuingia majini, akanyoosha mikono. Mtoto aliruka. Kwa kitambo kifupi nilikiona kichwa chake kikitoweka, nami nikapiga kelele hata wavuvi waliokuwa wakianika nyavu upande wa pili wa ghuba wakasimama. Alipoibuka alikuwa akikohoa na kucheka, akimshikilia mwalimu shingoni.

Nilitafuta jiwe, nikaketi. Binti yangu alikuja akaketi kando yangu. Mtoto aliporuka tena, tulipiga kelele sote wawili.