Ng'ombe wa Dada Yangu

Miaka ile ya foleni za sabuni, dada yangu alimtoroka mumewe mzee akaondoka na fundi cherehani aliyempenda. Mtumbwi wao ulizama ziwani karibu na Makoko, wakafa wote wawili.

Watu wanamlaumuga baba kwa kumwoza kwa nguvu. Waache ujinga! Kabla ya kutoroka, dada alinipigia magoti: "Kaka, mrudishieni ng'ombe wake, aniache."

Baba alikubali. Mimi ndiye niliyekataa. Ng'ombe wale nilikuwa nimeshawatoa mahari, nikaoa. Kuwarudisha kungekuwa kumrudisha mke wangu kwao, naye alikuwa mjamzito.

Binti aliyezaliwa tulimpa jina la dada. Mama yake analiita siku nzima. Mimi mpaka leo namwita "wewe".