Aliyeitikia Mara Tatu

Wapo watakaosema niliota, au kwamba kompyuta za zamani zilikuwa na matatizo yake. Waache waseme. Mimi nilikuwepo, nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe, saa tisa alasiri, jua linawaka nje. Dada yangu naye alikuwepo. Ningekwambia umuulize yeye, lakini hawezi kukujibu, na ndiyo maana nasimulia mimi.

Dada yangu anaitwa Koku. Sisi ni watu wa Kagera, ila tumekulia Mwanza mjini, na Kisukuma cha huko hatukukijua. Miaka ile ya tisini ikielekea mwisho, shirika la umma nililokuwa karani wa ghala lilibinafsishwa, tukapunguzwa kazi. Vifaa vya ofisi viliuzwa kwa aliyetaka, nami nikaondoka na kompyuta moja nzito kama jiwe la kusagia. Tulikuwa tumepanga Igoma, mimi, Koku na mama yetu. Redio za watu binafsi ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza, na kila kijana alitaka wimbo wake usikike. Nikaona hapo ndipo pa kushika.

Rafiki yangu mmoja aliyekuwa akienda Nairobi kuchukua bidhaa aliniletea programu tatu za kurekodi muziki. Ya kwanza ilirekodi sauti mbili kwa pamoja, kila moja kwenye mstari wake, lakini iliganda ilipojisikia. Ya pili ilikuwa na sauti safi zaidi, na ndiyo niliyopangia midundo. Ya tatu ilikuwa hodari kwa kusafisha: inaondoa mvumo wa feni, inaondoa hata mbwa wa jirani akibweka. Kazi moja niliipitisha kwenye zote tatu. Nilining'iniza mablanketi madirishani, nikazima friji, nikaazima maikrofoni mbili za kwaya ya kanisani. Niamini, nilijiona fundi. Hakuna mtu Igoma aliyekuwa akifanya nilichokuwa nafanya mimi, na jambo hilo lilinipanda kichwani.

Na Koku alikuwa mwimbaji. Sisemi kwa kuwa ni dada yangu. Alipopandisha sauti, ilikatika kidogo, kama mtu anayetaka kucheka, halafu ikafunguka. Watu walihama misa ya kwanza ili waje misa ambayo kwaya yake inaimba.

Basi, Jumamosi moja mama alikwenda msibani Mirongo. Tukasikia hodi. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini hivi, koti la kahawia, kofia mkononi, na mfuko wa mchele begani. Tukamwamkia. Midomo yake ikasema marahaba, lakini kilichotoka kilikuwa mkwaruzo, kama gunia linaloburutwa kwenye sakafu. Alisema anaitwa Lubinza, anatokea upande wa Magu, na kwamba ni mwimbaji wa ngoma.

Mwimbaji, na sauti ile? Hata wewe ungejiuliza. Lakini wateja nilikuwa nao wachache, na mchele wa Magu, aliotaka kunilipa nao, unajulikana.

"Nimesikia unalekodi," alisema. "Wimbo wangu una mwitikiaji. Lazima awe mwanamke." Akamgeukia Koku aliyekuwa anapiga pasi. "Nilikusikia kanisani, binti. Utaniitikia?"

Koku akacheka. "Kisukuma sikijui, baba."

"Neno ni moja tu. *Nene*. Nikinyamaza, wewe unasema *nene, nene*."

Koku akaona si kazi. Akachomoa pasi, akaja kusimama mbele ya maikrofoni yake. Mzee akasimama mbele ya nyingine. Nikafungua programu ya kwanza, nikavaa hedifoni, nikawapa ishara.

Mzee akaanza kwa mkwaruzo wake, na Koku akaitikia vizuri tu. Masikioni nilikuwa nawasikia wote wawili. Kwenye kioo cha kompyuta, mstari wa Koku ulikuwa unapanda na kushuka kama vilima, kama inavyotakiwa. Mstari wa mzee ulikuwa umelala, kama hakuna mtu aliyesimama pale. Nilipopiga tulichorekodi, nikamsikia Koku peke yake, *nene, nene*, na katikati yake kimya.

Ungefanya nini? Mimi nililaumu waya. Nikabadilisha maikrofoni zao, nikafungua programu ya pili. "Turudie," nikasema.

Safari hii mstari wa mzee ulikuwa na vilima vidogo. Nikafurahi. Nikapiga tusikilize, na hapo ndipo nywele ziliponisimama. Maneno yalikuwa ya mzee, Kisukuma kirefu kirefu, lakini sauti iliyoyaimba ilikuwa nyembamba, ya mwanamke. Nikajiambia kuwa sauti ya Koku imevuja ikaingia kwenye maikrofoni ya mwenzake. Inatokea. Lakini Koku alikuwa ameimba neno moja tu! Nililijua hilo, nikalijua kabisa, na bado nikageukia mashine kutafuta jibu.

Koku akakohoa. "Kaka, koo limenikauka. Tuache, au tupumzike kwanza."

Mzee aliinamisha kichwa. Alikuwa anatazama sakafu.

"Mara moja tu," nikamwambia dada yangu. "Nataka niijaribu hii ya tatu."

Maneno hayo niliyatamka mimi. Mzee hakuyatamka.

Nikafungua programu ya tatu. Mzee akaimba. Koku akaitikia, na *nene* ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka nusu, na zilizofuata zilikuwa pumzi tu. Nilikuwa natazama kioo, simtazami yeye. Vilima vya mzee vilijaa kutoka juu hadi chini, na mstari wa dada yangu ukalala. Nikavua hedifoni. Chumba kizima kilikuwa kinaimba. Sauti ya mwanamume, nene na tamu, ilikuwa inagonga bati na kurudi.

Akamaliza. Akavaa kofia yake. "Asanteni sana, wanangu," akasema, wazi kama wewe na mimi tunavyoongea, akatoka. Hakudai kaseti. Umewahi kuona mtu anakuja kurekodi, anaondoka bila kaseti yake?

Koku alifungua mdomo kuniita. Hakikutoka kitu. Akachukua mkono wangu akauweka kooni pake. Koo lilikuwa linatetemeka, mishipa imesimama, alikuwa anapiga kelele kwa nguvu zake zote, na mimi sisikii hata mnong'ono.

Nikiwa nimechanganyikiwa, nikapiga ule wimbo kwenye spika, labda nielewe. Mama Kabula, jirani yetu, Msukuma wa Magu huko huko, akaja mbio kutoka uani kwake, mikono imejaa magamba ya samaki.

"Zima! Zima hiyo!" Akakaa kwenye kizingiti. "Unajua huyo mtu anaimba nini? Anasema wenzake wa ngoma walimfanyia dawa wakamkausha sauti. Anauliza, nani atanipa yake? Nani atanipa yake? Na mdogo wako anajibu, mimi, mimi."

Mama aliporudi, alisikiliza maelezo yangu akiwa amesimama. Alibeba ule mchele wote akaenda kuumwaga mtoni. Kesho yake tukaenda hospitali. Daktari alimulika koo, akasema halina kidonda wala uvimbe. Tukaombewa kanisani. Tukaenda na kwa watu ambao mama asingependa niwataje. Hakuna kilichobadilika.

Wiki ya nne Mama Kabula akatuambia kuna mashindano ya ngoma kijiji kimoja mbele ya Magu, pamba imeshavunwa, watu wanacheza mchana kutwa. Tukaenda mimi na Koku. Tulimsikia kabla hatujamwona. Watu mamia walikuwa wamemzunguka, akina mama wanampigia vigelegele. Ilikuwa sauti ya mwanamume, hilo silikatai. Lakini ilipopanda juu ilikatika kidogo, kama mtu anayetaka kucheka, halafu ikafunguka. Koku alinishika mkono, kucha zikaingia kwenye nyama.

Alipopumzika nikamfuata nyuma ya uwanja. Hakukimbia. Wala hakujifanya hatujui.

"Mrudishie," nikasema. "Mzee wangu, nakuomba, mrudishie."

"Sikuiba, kijana," akanijibu taratibu. "Kitu cha kuiba hakikai. Niliuliza, akakubali. Niliuliza tena, akakubali. Mara ya tatu alitaka kukataa, nami ningeondoka na mkwaruzo wangu. Ni nani aliyemwambia aendelee?"

Koku alikuwa nyuma yangu. Nilipogeuka alikuwa ananitazama, na sikuweza kuyahimili macho yake. Ngoma zikalia, mzee akarudi uwanjani. Sisi tukatafuta gari la kurudi Mwanza.

 

Nyimbo za zamani za kwaya, zile nilizokuwa nimezirekodi kabla ya siku ile, nilizifungua zote, kwa programu zote tatu. Sauti za wanakwaya wenzake Koku zipo. Mahali pake pana tundu. Wenzake wanaitikia mtu asiyeimba. Mama alinisihi nifute, nikafuta, na kompyuta nikaivunja kwa nyundo. Sasa natengeneza pampu za maji. Mama alifariki miaka sita baadaye bila kusikia tena binti yake akimwita.

Koku aliolewa, ana mtoto wa kike. Humwita kwa kupiga makofi mawili, na mtoto anayajua hata katikati ya soko. Mambo mengine huyaandika kwenye daftari, tunasoma. Ameandika mengi humo, ya bei za sokoni, ya ugonjwa, hata utani wake. La siku ile hajaliandika. Mwaka jana nilimwomba msamaha kwa mara ya kwanza. Akachukua kalamu, akaishika muda mrefu, akaiweka chini, akaenda kunitengea chakula.

Wewe unayenisikiliza, labda una mashine zako nyumbani, nzuri kuliko zangu, na unataka kuzijaribu zote. Zijaribu. Lakini usimwimbishe mtu neno ambalo wewe wala yeye hamjui maana yake. Na mwenzako akikwambia koo limekauka, zima mashine hapo hapo. Usiseme mara moja tu.