Ufunguo wa Stoo ya Parokia

Asubuhi ile mke wangu Jovita alikaa mlangoni, ungo mapajani, anachambua ndagala, dagaa wa ziwani kwetu. Mvua ilikuwa imekatika, jua limetoka. Mimi nakunywa chai. Akanirushia samaki mmoja mwenye mchanga.

"Onja, mzee. Si unasema meno yako bado ni ya kijana?"

Nikatema. Akacheka mpaka ungo ukatikisika. Ndiyo asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida. Jioni homa ilimshika.

Ndagala zile hazikuwa zetu. Zilikuwa za Utoto Mtakatifu, kikundi cha kanisa ambamo watoto wanasaidia watoto wenzao. Jovita alikiongoza miaka mingi hapa Minago. Huku kwetu, ndagala ikianguka chini ya kichanja cha kuanikia, mwenye kichanja haiokoti. Ni ya watoto. Wengine wanaila palepale. Watoto wa kikundi cha Jovita waliiokota, wakaiosha, wakaianika upya. Walitaka kuwapelekea watoto wanaokaa mahemani kule juu, wale ambao ziwa lilipopanda lilimeza nyumba zao.

Alitaka watoto wapeleke wenyewe, kwa mikono yao. Alikuwa na sababu. Alikulia ukimbizini, Tanzania. Siku moja watoto wa parokia ya kule waliwaletea chumvi. Msichana wa rika lake akamwekea yake mkononi, kisha wakaruka kamba mpaka wakaitwa. Jina la padri wa kule alilisahau. La yule msichana, Sikuzani, alilitaja mpaka uzeeni.

Magunia yalipojaa, komite ya parokia iliyachukua ikayafungia stoo. Prezida wa komite, Salvatori, alisema yatatolewa Epifania, sikukuu ya watoto. Mgeni atatoka jimboni, picha zitapigwa.

Asubuhi ile ile, Jovita akiwa bado na ungo mlangoni, Salvatori alipita na baiskeli yake.

"Amahoro, mama Jovita! Bado unachambua tu?"

"Amahoro, prezida. Hizi nachambua, lakini zile za stoo zinataka jua. Ndagala ukiifunga kwenye gunia la plastiki, na mvua kama hii, inatoa jasho. Lete ufunguo tuzianike, watoto wapeleke leo."

"Mama, iko programu. Mugeni akikuta stoo tupu, nitamuonyesha nini?"

"Muonyeshe watoto walioshiba."

"Eh, mama! Hata mbinguni utamusumbua Petero na mambo ya ufunguo!"

Jovita akamjibu. Salvatori akacheka tu, akakanyaga baiskeli, akaenda.

Hospitalini Rumonge, Jovita hakuniuliza habari za nyumba wala za mbuzi. Aliniuliza, "Wamefungua?" Nikasema bado. Kesho yake tena, "Wamefungua?" Bado. Kisha hakuuliza tena. Tukamzika.

Nikaenda kwa Salvatori kuomba ufunguo. "Pole na msiba, mzee. Pumzika kwanza." Nikarudi. Amekwenda Bujumbura, na ufunguo anao mfukoni. Atarudi lini? Mafuta hakuna, magari yamelala. Nikamwendea katekista. Akasema yeye hana ruhusa ya kuvunja kufuli. Nikamuuliza nani anayo. Akasema Salvatori.

Kila mvua ilipopiga bati niliyawaza yale magunia. Ineza, mkubwa wa watoto wa kikundi, alinifuata njiani.

"Babu, lini?"

"Tungoje."

Neno hilo lilinichoma. Ni la akina Salvatori, si langu.

Epifania ikafika. Mgeni hakuja, gari lake lilikosa mafuta. Salvatori alikuwa amerudi, kavaa koti. Watoto wa mahemani walikwisha kaa kwenye mabenchi, wameogeshwa, kila mmoja na sahani yake. Waliambiwa waje na sahani.

Salvatori akafungua stoo. Harufu ilitutangulia. Ineza akaingiza mkono kwenye gunia, akautoa upesi. Ukungu na funza. La pili vilevile. Mtoto mmoja kwenye benchi akaifunika sahani yake kwa kiganja.

Nilitaka kupiga kelele.

Ineza akajifuta mkono kwenye majani. Akawaambia wenzake, "Twende kwenye vichanja." Kisha akageukia mabenchi. "Na nyinyi mukuje, na sahani zenu." Wakateremka wote ziwani, wenye mahema na wenye nyumba, wakisukumana. Hawakuaga mtu.

Tukabaki Salvatori na mimi, na mlango uko wazi. Akavua koti.

"Mzee, nisamehe. Jumapili nataka kumusifu mama Jovita mbele ya watu wote. Nipe neno lake moja juu ya kazi hii, nilisome."

"Ulilisikia mwenyewe," nikamwambia. "Siku ile, ukiwa juu ya baiskeli."

Akasema hakumbuki. Basi nikamrudishia kama Jovita alivyolisema:

"Sifa zote chukua wewe, Salvatori. Mimi niachie ufunguo."