Bati Lililoachwa Wazi

Ukisikia mtu anaitwa Msasa, usidhani ni kwa ukali. Huyu wetu ni mpole hadi anakera. Jina lilimpata kwa sababu ya vidole vyake, ambavyo vimekwangua magari hadi ncha zake zikawa laini, na simu ya kugusa inakataa kumtambua. Kazi yake ni kulitayarisha bati: aondoe rangi ya zamani, aifukuze kutu mpaka ndani ya vishimo vyake, alisafishe, kisha ampishe shemeji yake aje kupuliza praima, ile rangi ya msingi, na kupokea sifa. Bunduki ya rangi haishikwi na mwingine. "Vuta subira, zamu yako inakuja," shemeji alimwambia alipoanza kazi, na anamwambia hivyo hadi leo, Msasa akiwa kichwa kizima mvi.

Shemeji huyo ni kaka wa mkewe. Gereji ni yake, chumba cha nyuma wanamoishi Msasa na mkewe ni chake, hata bomba wanalochotea maji liko upande wake wa ua. Kodi hawatozwi, na hilo ndilo linalowabana hasa, maana mpangaji angalau ana haki ya kugomba.

Ndipo akatokea Mrefu. Aliwahi kufanya kazi hapohapo kabla hajaenda zake kwenye karakana ya mabodi ya mabasi, na sasa karakana ile ilitaka mpulizaji wa rangi. Si mkwanguaji, mpulizaji. Mrefu alimwombea Msasa nafasi, akamtafutia na chumba. "Jumatatu asubuhi nakupitia na pikapu," alisema. "Msimamizi anataka akuone siku hiyohiyo. Ukikosa, anachukua mwingine."

Mke wa Msasa alisikia, akaanza kufunga mizigo. Vikombe vya harusi alivizungushia magazeti kimoja kimoja. Tangu aolewe hajawahi kuwa na mlango ambao kaka yake hausukumi bila hodi. Jumapili Msasa alikwenda kumuaga shemeji kwa adabu zote, na shemeji akamkumbatia, akamtakia kila la heri. Msasa akarudi chumbani moyo mweupe, hata akapiga mluzi.

Jumatatu akatoka na shati lake jeupe. Mbele ya mlango wake limesimama gari la mteja, lilelile ambalo jana yake lilikuwa na rangi kutoka mbele hadi nyuma. Sasa boneti, milango na paa vilikuwa bati tupu. Shemeji alikuwa ameamka alfajiri akashika grenda, mashine ya kukwangulia, kwa mikono yake mwenyewe; Msasa aliusikia mlio wake usingizini, akauona wa kila siku. Mikwaruzo ilipishana ovyo kama kichwa kilichonyolewa na mlevi, na boneti nzima ilikuwa na alama za viganja vyenye mafuta. Juu, mawingu yalikuwa yamejaa mvua.

Bati tupu lina masharti yake. Ukiligusa kwa mkono mtupu, jasho na mafuta hubaki pale, na siku moja rangi itabanduka ikiwa na umbo la vidole vyako. Unyevu ukiliwahi kabla ya praima, linaota kutu siku hiyohiyo. Msasa aliwahi kukosa mazishi ya jirani kwa sababu ya mlango mmoja wa gari. Gereji nzima ilijua kwamba hawezi kulipa kisogo bati lililo wazi, na shemeji alijua kuliko wote.

"Mteja ana haraka, nikaona nikusaidie kuanza," shemeji alisema, kikombe cha chai mkononi. "Lakini wewe nenda tu, shemeji. Nitapata mtu wa kulifutafuta."

Kulifutafuta. Neno hilo lilimchoma Msasa kuliko tusi.

Pikapu ikapiga honi langoni. "Nisubiri kidogo," Msasa akamwambia Mrefu. "Nalifuta tu."

"Gari la nani hilo?"

"La mteja."

"Na wewe ni nani wake?"

Msasa alivua shati, akalitundika kwenye msumari wa mlango.

Alianza kufuta kweli. Kitambaa cha kwanza kilikuwa na tina ya kuyeyushia mafuta, cha pili kikavu, kikikifuata cha kwanza mbiombio kabla tina haijakauka na mafuta yake. Lakini mafuta yalipotoka, mikwaruzo ikaonekana vizuri zaidi, na mikwaruzo ile praima isingeificha. Akachukua msasa mzito, kisha mwepesi. Kwenye mikunjo ya milango akakuta kutu iliyorukwa na grenda.

Honi ililia, ikalia tena, ikachoka. Mrefu akaja kwa miguu. "Ndugu yangu, mimi naondoka."

"Limebaki paa tu."

"Najua." Kwa hasira Mrefu akataka kupiga kofi juu ya boneti. Msasa aliudaka mkono wake hewani.

"Usiguse," alisema.

Walitazamana. Mrefu aliuvuta mkono wake taratibu, akarudi kwenye pikapu, akaondoka.

Msasa alijichukia. Alijichukia huku akisugua, na kibaya zaidi ni kwamba bati lilikuwa linapendeza, naye aliona raha. Alipomaliza kulifuta kwa mara ya mwisho, shemeji alikuja na bunduki yake, praima ikalala bila kasoro. "Nilijua hutaniangusha," shemeji alisema. "Kesho kuna jingine."

Alitembea kuelekea chumbani akipanga maneno ya kumwambia mkewe. Hayakuhitajika. Blanketi lilikuwa kitandani, sufuria zimerudi kwenye kona yake, vikombe viko kabatini, magazeti yamekunjwa vizuri.

"Umefungua mizigo," akasema. "Mrefu alipita kukuaga?"

"Hapana. Honi yake ilikuwa bado inalia." Mkewe aliendelea kupanga vijiko, hakugeuka. "Nilifungua ulipovua shati."