Pembe ya Kuku wa Bi Zubeida

Ahlam alitaka kusaidia tu. Alikuja Gongo la Mboto kumtazama mama yake, Bi Zubeida, akakuta bati la stoo linavuja juu ya kuku anayeatamia. Akalibeba tenga la mayai akalipeleka pembe ya kushoto, pakavu. Mayai kumi na moja, yamebakiza siku tatu. Jogoo wa kuchi, kipenzi cha Jaffar, marehemu mume wa Bi Zubeida, alikwishakufa, na mbegu yake yote ilikuwa humo.

Kuku akatoka kula. Aliporudi alilipita tenga bila hata kulitazama, akajilaza kwenye sakafu tupu yenye maji.

"We Ahlam, umeniulia!" Bi Zubeida alifoka. "Nani kakutuma?"

"Mama, si hayo hapo, hatua tatu? Kuku gani huyu haoni!"

Wakambeba, wakamweka juu ya mayai. Akashuka. Wakasogeza karibu na tenga ile ndoo nyekundu aliyozoea kulala pembeni yake. Akasita kidogo, kisha huyoo, kwenye maji yake. Mayai yakaanza kupoa. Bi Zubeida, muuza vitambaa wa miaka thelathini asiyebembelezeka na mteja, machozi yakamlenga kwa ajili ya kuku.

Akavuta kigoda akamchunguza. Kuku aliingia mlango wa mbele, akaenda hadi mwisho, akashika kulia, akasimama panapokutana ukuta mrefu na mfupi. Kila mara hivyohivyo. Alifuata umbo la chumba, tenga hakuwa na habari nalo. Bi Zubeida hakumshangaa. Tangu Ahlam amgeuzie kitanda baada ya arobaini ya Jaffar, kila akiamka anaupiga ukuta kwa paji la uso.

"Funga mlango wa mbele," alisema. "Fungua wa uani."

Mayai wakayahamishia pembe iliyotazamana na ile ya zamani kwa mshazari. Kwa anayeingia kutoka uani, nayo iko mwisho, kulia, ukuta mrefu mkono uleule. Kuku akaingia, akaenda hadi mwisho, akashika kulia, akayakuta mayai yake, akayalalia.

Saba yakaanguliwa. Siku hiyo Ahlam akarudia ombi lake la kila mwezi, kwamba mama ahamie kwake Madale.

"Nitakuja," alisema Bi Zubeida, macho kwa vifaranga. "Ila nitafutie chumba ambacho nikiamka ukuta uko kulia, na pa baba yako kushoto."